Mtungi wa Pili na wa Tatu: Namna ya Kupanga Mizamo ya Siku Moja kwa Jedwali



Vikundi vya kusini mwa pwani vimekuwa vikituuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wengine wanapanda matumbawe, kama vijana wa sehemu za Shimoni, Wasini na Mkwiro. Wengine wanatafuta majongoo bahari au kamba mawe, na wengine wanaitwa kufungua nyavu zilizonasa au kuinua nanga. Swali ni hili: mtu akiisha mtungi mmoja wa hewa chini ya maji, anaweza kuingia na wa pili baada ya muda gani? Na wa tatu je?

Jibu si la kukisia. Lipo kwenye karatasi inayoitwa jedwali la kuzamia, na mtu yeyote anayeweza kuweka hesabu ya merry-go-round anaweza kulisoma. Katika makala haya tutaeleza linavyofanya kazi. Lakini tuelewane mapema: makala si kozi. Asiyefunzwa na mwalimu mwenye cheti asiingie majini na mtungi kwa sababu amesoma gazeti. Tena, kabla ya yote, ulizeni BMU na ofisi ya uvuvi kama mtungi unaruhusiwa kwa kazi mnayofikiria. Sheria za uvuvi hubadilika, na kikundi kikinyang'anywa vifaa kilivyonunua kwa mkopo, mkopo unabaki palepale.

Kwanza, kinachotokea mwilini

Hewa tunayovuta ni kama sehemu nne za naitrojeni kwa sehemu moja ya oksijeni. Oksijeni mwili unaitumia. Naitrojeni haina kazi; inaingia na kutoka, basi. Tukiwa nchi kavu haitusumbui hata kidogo.

Chini ya maji mambo hubadilika. Kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji unaongeza mkandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 10 umekandamizwa mara mbili ya nchi kavu, kwenye mita 20 mara tatu. Mtungi nao unakupa hewa yenye mkandamizo huohuo, ndiyo maana unaweza kupumua. Hapo naitrojeni inasukumwa kuingia kwenye damu, nyama, mafuta na viungo, na inajiyeyusha humo kama sukari kwenye chai. Kadiri unavyokwenda chini zaidi na kukaa zaidi, ndivyo inavyoingia nyingi.

Fikirini chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu lolote, ingawa gesi imo. Ukiifungua polepole inatoa sauti kidogo tu. Ukiing'oa kifuniko ghafla, inafurika. Mwili wa mzamiaji anayepanda ni hiyo chupa. Akipanda polepole na akiwa hakuchukua naitrojeni kupita kiasi, inatoka kwa njia ya mapafu bila fujo. Akizidisha, inageuka mapovu ndani ya damu na viungo. Povu likikaa kwenye goti au bega ni maumivu makali. Likikaa kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza miguu, akashindwa hata kukojoa. Huo ndio ugonjwa wa mapovu.

Hapa kuna jambo linalowadanganya vijana wengi, na hata wazee wetu. Wazee walizamia kwa pumzi tu. Walivuta hewa juu, wakashuka dakika moja au mbili, wakarudi. Naitrojeni waliyochukua kwa kawaida ilikuwa kidogo sana. Kwa hiyo mzee akisema, "Mimi nimezamia miaka arobaini na sijaona ugonjwa huo," anasema kweli, lakini ni kweli ya kazi nyingine. Mtungi ni kazi tofauti.

Jambo la pili linalodanganya ni mtungi wenyewe. Chukueni mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa vizuri. Mtu anayefanya kazi kwenye kina cha mita 18 ataumaliza kwa kama dakika 40, kwa sababu huko kila pumzi inabeba hewa karibu mara tatu ya ile ya juu. Muda huo mara nyingi uko ndani ya mpaka wa usalama. Yaani mtungi wa kwanza unakutoa majini wenyewe kabla hujaharibikiwa. Mtu anatoka salama, anasema kumbe hakuna neno, anafunga mtungi mwingine na kurudi. Shida inaanzia hapo. Na wale wanaovuta hewa kwa mpira kutoka kwenye kompresa iliyo botini hawana hata kinga hiyo ya mtungi kuisha. (Kompresa nayo ina balaa lake: moshi wa injini ukiingia kwenye hewa ya kuvuta, mtu anazimia huko chini. Tutalieleza siku nyingine.)

Jedwali lilitoka wapi

Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza, John Scott Haldane, pamoja na wenzake wawili, Boycott na Damant, walitoa maelezo ya majaribio waliyofanya kwa ajili ya jeshi la majini la nchi yao. Walitumia mbuzi. Waliwafungia kwenye chumba cha chuma, wakawaongezea mkandamizo wa hewa, kisha wakaupunguza kwa namna mbalimbali wakiwaangalia. Mbuzi aliyeumia alionekana kwa kuinua mguu na kukataa kuukanyagia. Mfugaji yeyote anajua mbuzi akifanya hivyo ana maumivu. Kutokana na mbuzi hao na watu waliojitolea baadaye, Haldane alipata jedwali la kwanza la kupanda kwa usalama.

Jedwali lake halikuwa na njia rahisi ya kuhesabu mzamo wa pili. Hiyo iliwekwa vizuri na jeshi la majini la Marekani katika jedwali la mwaka 1957, na namna yake ya herufi ndiyo iliyonakiliwa na kurekebishwa na wengi. Jedwali hilo lilitumika kwa miaka kama hamsini, likabadilishwa mwaka 2008. Sisi tutatumia tarakimu za lile la zamani kwa kufundishia tu, kwa kuwa ni rahisi kulifuata. Msizamie kwa tarakimu za gazeti hili. Mtumie jedwali mlilofundishwa, na msichanganye majedwali mawili katika siku moja, kwa sababu herufi D ya moja si herufi D ya jingine. Majedwali ya wazamiaji wa kiraia huwa makali zaidi. Kwa mfano jedwali la shirika la PADI linampa mtu dakika 56 kwenye mita 18, ambapo lile la zamani la jeshi lilimpa 60.

Vipimo ni vya futi. Kwa wavuvi hiyo si taabu, maana pima moja ni futi 6. Futi 60 ni pima 10, au mita 18 hivi.

Deni la naitrojeni

Jedwali lina sehemu tatu, na mwanachama yeyote aliyewahi kukopa kwenye kikundi atazielewa.

Sehemu ya kwanza inasema umekopa kiasi gani. Unatazama kina ulichofika na dakika ulizokaa, unapata herufi. A ni deni dogo, na kadiri herufi zinavyosonga mbele deni linakua. Kwenye futi 60 jedwali la zamani linasomeka hivi:

Dakika 10: B. Dakika 15: C. Dakika 20: D. Dakika 25: E. Dakika 30: F. Dakika 40: G. Dakika 50: H. Dakika 55: I. Dakika 60: J, na hapo ndipo mpaka. Ukipita 60 huruhusiwi kupanda moja kwa moja. Lazima usimame njiani kwa muda uliopangwa, na hiyo si kazi ya vikundi vyetu.

Sehemu ya pili inasema umelipa kiasi gani kwa kupumzika juu. Ukiwa botini unapumua tu, naitrojeni inatoka kidogo kidogo, na herufi yako inarudi nyuma kuelekea A. Aliyetoka na G hupungua hivi:

Dakika 10 hadi 40: bado ni G. Dakika 41 hadi saa 1 na dakika 15: F. Saa 1 na dakika 16 hadi saa 1 na dakika 59: E. Saa 2 hadi saa 2 na dakika 58: D. Saa 2 na dakika 59 hadi saa 4 na dakika 25: C. Baada ya hapo B, halafu A. Zikipita saa 12 mzamo unaofuata unahesabiwa kuwa mpya.

Sehemu ya tatu inageuza herufi uliyobaki nayo kuwa dakika. Hizo ni dakika ambazo unahesabiwa kana kwamba umekwisha kukaa chini hata kabla hujalowa. Kwa mzamo wa futi 60: B ni dakika 11, C ni 17, D ni 24, E ni 30, F ni 36, G ni 44, H ni 52, na J ni 70. Kwa futi 50: B ni 13, C ni 21, D ni 29, E ni 38, F ni 47, G ni 56.

Wengi hushangaa kwamba deni lilelile lina dakika nyingi zaidi kwenye maji mafupi. Sababu ni kwamba huko naitrojeni huingia polepole, kwa hiyo ingekuchukua muda mrefu zaidi kuipata kiasi hicho. Mpaka wa maji mafupi nao ni mkubwa zaidi. Kwenye futi 50 ni dakika 100.

Siku ya wazamiaji wawili

Tuchukue wazamiaji wawili wa boti moja. Wote wanaingia saa moja kamili asubuhi, wanafanya kazi kwenye futi 60, na wanaanza kupanda saa 1:40. Dakika za chini huhesabiwa tangu unapoacha uso wa maji mpaka unapoanza kupanda, si tangu ulipogusa mchanga. Kwa hiyo ni dakika 40. Wanapanda polepole, wanasimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5, na saa 1:45 wako botini. Herufi yao ni G.

Wa kwanza ana haraka. Anabadilisha mtungi na saa 2:05 yuko tayari kuruka. Amepumzika dakika 20. Tazameni sehemu ya pili: dakika 20 hazijamtoa kwenye G. Sehemu ya tatu inasema G kwenye futi 60 ni dakika 44. Mpaka ni 60. Toa 44, zinabaki 16. Dakika kumi na sita tu! Lakini mtungi wake mpya una hewa ya dakika 40, naye anatazama mtungi badala ya jedwali. Akikaa hizo 40, mwili wake unahesabu 44 na 40, yaani 84. Amepita mpaka kwa dakika 24, anapanda moja kwa moja, na hajui kama amefanya lolote.

Hata tukisema ana nidhamu, akatii zile dakika 16 na kutoka. Sasa 44 na 16 ni 60, herufi J. Akipumzika tena dakika 20, bado ni J. Deni la J kwenye futi 60 ni dakika 70, na mpaka ni 60. Hana nafasi hata ya dakika moja. Kazi yake ya pima 10 asubuhi hiyo imekwisha, na amefanya dakika 56 kwa jumla.

Wa pili anakunywa maji, anakaa kivulini, anashona nyavu. Anaingia saa 4:00. Amepumzika saa 2 na dakika 15, herufi yake imerudi D. Deni la D kwenye futi 60 ni dakika 24, kwa hiyo ana nafasi ya dakika 36. Hazimalizi zote. Anapanga 25, anaanza kupanda saa 4:25, na saa 4:30 yuko botini.

Sasa angalieni vizuri, maana hapa ndipo watu wenye akili zao hukosea. Herufi yake mpya ni ipi? Mtu anatazama dakika 25 kwenye futi 60 na kusema E. Hapana. Hizo ni za mkopo mpya peke yake, na deni la zamani halijafutwa. Ni 24 na 25, jumla 49. Jedwali halina 49, tunapanda hadi 50, na herufi ni H. Katibu akiandika mkopo mpya kwenye kadi na kuacha salio la zamani, mweka hazina atamuuliza. Ila mwilini hakuna mweka hazina wa kuuliza.

Aliyetoka na H akipumzika kati ya saa 2 na dakika 24 na saa 3 na dakika 20 hurudi D. Mzamiaji wetu anangoja mpaka saa saba mchana, saa 2 na nusu. Ni D tena. Mzamo wa tatu anaufanya kwenye futi 50, ambako D ni dakika 29 na mpaka ni 100. Ana nafasi ya dakika 71, anatumia 30. Saa 7:35 yuko juu, siku imekwisha, na amefanya kazi dakika 95 chini ya maji.

Dakika 95 kwa 56. Aliyepumzika ndiye aliyefanya kazi nyingi zaidi kwa njia halali. Tumeieleza hesabu hii kwenye mikutano, na kila mara yuko anayeomba turudie, maana inapingana na jinsi tulivyozoea kufikiri kuhusu bidii.

Tena ona hili: aliyetoka na G akipumzika saa 1 na dakika 15 ana F, nafasi ya dakika 24. Akingoja dakika moja zaidi anapata E, nafasi ya dakika 30. Kwa hiyo saa ya mkononi isiwe ya kukisia, na mtu asicheze ukingoni. Dakika tano za ziada juu ya maji hazigharimu kitu.

Sheria zinazokwenda na jedwali

Kina ni kile cha chini kabisa ulichofika, hata kama ulikaa hapo dakika moja ukifuata kamba aliyekimbilia shimoni. Hakuna wastani. Futi 52 inasomwa 60, dakika 41 inasomwa 50. Siku zote unapandisha, hushushi. Kama maji ni ya baridi au kazi ilikuwa nzito, kama kuvuta nanga au kubeba mawe, pandisha tena hatua moja ya muda.

Mzamo wa kina kirefu ufanywe kwanza, mifupi baadaye. Panda polepole, mita 9 kwa dakika ni mwendo mzuri, na usishike pumzi kamwe wakati wa kupanda, kwani mapafu yanaweza kupasuka. Huo ni ugonjwa mwingine na ni wa hatari zaidi. Ile dakika 3 kwenye mita 5 haimo kwenye jedwali la zamani, lakini leo walimu karibu wote wanaifundisha, nasi tunaiunga mkono.

Siku hizi kuna kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi ambayo hufanya hesabu yote yenyewe. Ni chombo kizuri kwa kikundi kinachoweza kukinunua. Ila kompyuta inahesabu mwili wa aliyeivaa tu. Tumesikia vikundi ambavyo vijana watatu hupokezana moja: huyu akitoka anamvulisha, mwenzake anaivaa na kuingia. Hapo kompyuta inahesabu deni la mtu ambaye hayupo. Afadhali karatasi na penseli.

Na safari ya bara. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,600, na hewa ya huko ni nyepesi. Aliyezamia mchana Mombasa akapanda basi la usiku ni kama anayeendelea kupanda kutoka majini. Kwa ndege, ushauri wa wataalamu ni kungoja walau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa. Kwa basi la Nairobi sisi tunashauri mshike hizohizo. Harusi ya Jumamosi Kitui isikufanye uzamie Ijumaa.

Jedwali lenyewe si kinga kamili. Lilipimwa kwa wanajeshi vijana wenye afya. Mtu mnene, mwenye umri mkubwa, aliyekunywa pombe jana au aliyekosa maji mwilini anaweza kuugua akiwa ndani ya mipaka yote.

Akiugua

Dalili nyingi huonekana ndani ya saa chache, mara nyingi saa ya kwanza: maumivu ya bega, kiwiko au goti, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, ngozi kuwasha, uchovu usio wa kawaida, kushindwa kukojoa. Mlazeni chali. Apewe oksijeni safi kama ipo, na maji ya kunywa kama ana fahamu zake na hatapiki. Apelekwe hospitali mara moja, na mseme wazi: "Huyu alikuwa anazamia na mtungi," pamoja na vina na saa za mizamo yake. Daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria. Tiba yenyewe ni chumba maalumu cha mkandamizo, na mahali kilipo chenye kufanya kazi pajulikane na kikundi kabla ya siku ya kwanza ya kazi, pamoja na namba ya simu.

Msimrudishe majini "ili mapovu yatulie". Wapo wanaosema mtu akirudi chini maumivu hupotea. Yanaweza kupotea kweli kwa muda, naye anaongeza naitrojeni nyingine, na akipanda hali inakuwa mbaya zaidi. Wala asimeze dawa ya maumivu na kulala akingoja kesho.

Kuna suala la jini. Katika vijiji vyetu kijana akitoka majini miguu imekufa, watu husema amepigwa na jini la bahari. Hatuandiki haya kwa kuwacheka. Wamiskito wa pwani ya Honduras, huko Amerika ya Kati, husema vivyo hivyo kuhusu mwanamke wa majini aitwaye Liwa Mairin, anayewaadhibu wanaochukua kamba wake wengi mno. Familia ikitaka kufanya ya kwake, ifanye mgonjwa akiwa njiani kwenda hospitali. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kupona.

Hao Wamiskito wana somo lingine kwetu. Kwa miaka mingi walizamia kamba kwa mitungi, wakilipwa kwa uzito wa walichopata, bila mafunzo ya kutosha na kwa vifaa vibovu. Wengine walitumia mitungi kumi na zaidi kwa siku. Mamia walipooza na wengi wakafa. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu kuhusu wazamiaji 42 wa kabila hilo, na serikali ya Honduras ilikubali kwamba inahusika kwa kutosimamia makampuni yaliyowaajiri.

Malipo na daftari

Tunasema hivi kwa sababu jedwali peke yake haliwezi kushindana na tumbo. Mzamiaji anayelipwa kwa kilo, na aliyekwisha kuchukua pesa za tajiri wa chombo kabla ya msimu, hatapumzika saa mbili hata akilijua jedwali kwa moyo. Kila dakika botini anaona ni hasara. Kwa hiyo kikundi kikikaa kupanga kazi hii, kianze na malipo. Vikundi viwili tunavyovijua vimekubaliana kulipa kwa siku, sawa kwa sawa, mizamo isiyozidi mitatu, na faida igawanywe mwisho wa mwezi. Walibishana sana kabla ya kufika hapo, hasa wale wazamiaji hodari. Tunaona walichagua vizuri.

Jambo la pili ni nani anashika saa. Asiwe mzamiaji. Mtu akitoka majini amechoka na ana furaha ya alichopata, hesabu yake haiaminiki. Awe nahodha au mwanachama mwingine anayebaki botini, mwanamke au mwanamume, mwenye daftari, kalamu ya risasi na jedwali lililofunikwa kwa plastiki. Anaandika jina, saa ya kuingia, kina, saa ya kuanza kupanda, herufi ya kutokea, saa ya kurudi, herufi mpya, deni, na dakika zinazoruhusiwa. Katiba ya kikundi iseme kwamba akikataza, amekataza, hata kama anayekatazwa ni mwenyekiti.

Zoezi la mkutano ujao. Mzamiaji alifika futi 57 na kukaa dakika 28. Akapumzika saa 1 na dakika 35. Sasa anataka kuingia kwenye futi 46. Aliyetoka na F hurudi E akipumzika kati ya dakika 46 na saa 1 na dakika 29, na D kati ya saa 1 na dakika 30 na saa 2 na dakika 28. Anaruhusiwa dakika ngapi? Kila mtu afanye peke yake kwanza, kisha mlinganishe.

Jibu: futi 57 inasomwa 60 na dakika 28 inasomwa 30, herufi F. Baada ya kupumzika ni D. Futi 46 inasomwa 50, ambako D ni dakika 29. Mpaka ni 100, kwa hiyo zinabaki dakika 71.